Gari linachemsha foleni na fundi anataka kufungua hedi: chunguza haya kwanza

Swali la msomaji wa Mbagala, Dar es Salaam:

"Shikamoo fundi. Nina Toyota IST ya mwaka 2004, injini ya 1NZ. Kazi yangu iko Posta. Huu ni mwezi wa pili, kila nikikwama kwenye foleni pale Mtoni taa nyekundu ya joto inawaka. Gari halina mshale wa joto, lina taa tu. Barabara ikifunguka nikakimbia kidogo, taa inazima yenyewe. Maji ya rejeta yanapungua, naongeza kama nusu lita kila baada ya siku mbili, maji ya kisima cha nyumbani. Fundi wa kwanza alitoa themostati akasema huku kwetu hakuna baridi, haina kazi. Gari likatulia wiki moja, likarudia. Fundi wa pili anasema gasketi ya hedi imeungua, nimpe laki nane afungue. Kuna kitu naweza kuangalia mwenyewe nyumbani kabla sijatoa hela hiyo? Spana chache ninazo, na mdogo wangu wa kiume atanisaidia."

Marahaba, mwanangu. Vipo vya kuangalia, tena vingi, na karibu vyote vinataka bisibisi, glovu, boksi kuukuu na asubuhi moja ya Jumamosi. Laki nane yako ikae kwanza. Simwiti fundi wa pili mwongo, maana hedi (kichwa cha injini kinachofunika silinda) ya gari lililochemka miezi miwili inaweza kweli kuwa imeguswa. Lakini katika maelezo yako yote hakuna mahali ulipoandika kwamba alipima kitu. Hedi ikishafunguliwa huwezi kusema samahani ukairudisha kama ilivyokuwa. Kuna gasketi mpya, kuna bolti, kuna siku tatu bila gari. Apime kwanza, nawe uone anachopima.

Kabla hujagusa chochote, tukubaliane kuhusu kifuniko cha rejeta. Mfumo wa maji ya gari hufanya kazi ukiwa na shinikizo. Angalia juu ya kifuniko chako, vingi vya Toyota vimeandikwa 0.9 au 1.1. Shinikizo hilo linafanya maji yasichemke kwenye nyuzi 100 bali karibu na 120. Maana yake ni kwamba ndani ya rejeta yanaweza kukaa maji ya nyuzi 110, yametulia, hayana hata povu. Ukifungua kifuniko shinikizo linaondoka, na maji yale yanageuka mvuke papo hapo na kuruka juu. Kijana mmoja niliyekuwa namfundisha kazi alifungua hivyo, kwa haraka ya kumfurahisha mteja. Ngozi ya mkono na ya shingo ilitoka mbele ya macho yangu. Tangu siku ile hakuna anayefungua rejeta kwangu kabla sijaishika hosipaipu ya juu kwa mkono wangu. Ikishikika bila kuunguza, na ukiiminya inabonyea laini, fungua. Vinginevyo kaa kivulini usubiri dakika 45, hata saa nzima. Kazi zote za kufungua maji nitakazokueleza zifanyike asubuhi, gari likiwa limelala.

Sasa tuingie kwenye ugonjwa wenyewe. Kwa mwenye gari linalochemsha mimi huuliza kwanza: linachemsha wapi? Umeshanijibu bila kuulizwa. Foleni linachemka, likikimbia linapoa. Petroli inapoungua ndani ya injini, takribani theluthi moja tu ya nguvu yake ndiyo inayosukuma gari. Nyingine kama hiyo inatoka na moshi kwenye ekzosi, na iliyobaki inaingia kwenye chuma cha injini. Hiyo ndiyo maji yanaibeba hadi kwenye rejeta, halafu upepo unaiondoa. Ukiwa kwenye mwendo, upepo unajiingilia wenyewe kupitia grili. Ukisimama Mtoni saa nane mchana, na AC umewasha, hakuna upepo mwingine zaidi ya ule unaovutwa na feni. AC yenyewe inaongeza mzigo, kwa sababu kondensa yake, yaani rejeta ya AC yenyewe, imekaa mbele ya rejeta ya injini na inaipulizia joto.

Kwa hiyo gari linalochemka likisimama na kupoa likitembea, wa kwanza kumhoji ni feni pamoja na kila kinachoiendesha. Gari ambalo mjini halina tatizo lakini linachemka likipanda mlima wa Kitonga lingenipeleka kwingine: rejeta iliyoziba ndani, wota pampu iliyochoka, maji yasiyozunguka. Na gasketi iliyoungua kawaida huonyesha ubaya wake injini ikibeba mzigo, kwenye mlima na mwendo, kwa kuwa hapo ndipo moto wa silinda unaposukuma zaidi kuingia kwenye njia ya maji. Gari lako linafanya kinyume chake. Hilo pekee halitoshi kuisafisha hedi, ila linatosha kumwambia mtu asianze na hedi.

Anza basi na feni. Boneti juu, injini ya baridi, ufunguo umezimwa. Zungusha feni kwa kidole. Inatakiwa izunguke laini, bila kukwaruza na bila kuyumba. Kisha mdogo wako akae kwenye usukani, awashe injini na AC. Ndani ya sekunde chache utasikia kompresa, ile pampu ya gesi ya AC, ikishika, na feni ianze. Wewe uwe umefunga mtandio, kanga na nywele mbali kabisa na mikanda. Feni hii haitoi taarifa kabla ya kuanza.

Ikianza, usishangilie bado. Chukua karatasi moja ya daftari uipitishe mbele ya grili. Karatasi inapaswa kuvutwa na kung'ang'ania. Ikisukumwa mbali nawe, feni inazunguka kinyume: mtu aliwahi kubadilisha mota akaunganisha nyaya kinyume, au alifunga panga la gari jingine. Feni ya namna hiyo inapuliza mbele, inagombana na upepo wa barabarani, na kwa macho inaonekana nzima kabisa. Nimekutana nayo mara nyingi kwenye magari yaliyofungwa spea za mtumba, na kila mara mwenye gari alikuwa ameshanunua rejeta mpya bure. Angalia pia kama kava la plastiki linalozunguka feni lipo. Wengi hulitupa likipasuka. Bila kava, feni huvuta hewa ya pale ilipo tu, na sehemu kubwa ya rejeta haipati kitu.

Kama feni haikuanza, jua kwamba AC isiyo na gesi inaweza kuwa sababu, kwa kuwa kompresa haishiki. Zima AC, uache injini ingurume palepale ulipoegesha hadi ipate moto. Feni lazima ianze kabla ya taa nyekundu. Taa ikiwaka na feni imelala, zima injini mara moja, umeshampata mtuhumiwa. Fungua boksi la fyuzi chini ya boneti. Ndani ya mfuniko wake kuna ramani. Tafuta fyuzi ya feni, itazame kama uzi wake umekatika. Karibu yake kuna rilei, kiboksi kidogo kinachofanya kazi ya swichi ya feni. Mara nyingi rilei ya honi au ya kitu kingine humo humo ina umbo na namba zilezile. Kama namba zinalingana, zibadilishane. Feni ikiamka, umetengeneza gari lako kwa bei ya rilei.

Ikiwa bado, ipime mota yenyewe. Chomoa soketi ya feni, kisha peleka umeme wa betri moja kwa moja kwa nyaya mbili nene, wa chanya ukiwa na fyuzi ili ukikosea usiunguze kitu. Ikizunguka kwa nguvu, mota ni nzima na shida iko kwenye waya, rilei au sensa ya joto. Isipozunguka, igonge taratibu ubavuni kwa mpini wa bisibisi huku umeme ukiwa umeunganishwa, vidole vikiwa mbali na panga. Mota inayoamka kwa kugongwa imeisha kaboni zake za ndani. Leo itaamka, kesho Mtoni haitaamka. Ninahisi, kwa jinsi ulivyoeleza, utakuta kitu katika hatua hizi.

Ukiwa hapo mbele, washa tochi ya simu uangalie kati ya kondensa ya AC na rejeta. Ni nafasi nyembamba ambayo waosha magari hawaifikii. Humo hukaa tope, wadudu, manyoya, na vipande vya mifuko. Osha kwa maji ya mpira wa kawaida ukielekeza kutoka upande wa injini kwenda nje, uchafu urudi ulikotoka. Mashine za kuoshea zenye nguvu ziache, zinalaza vile vipezi vya bati na ukishavilaza upepo haupiti tena.

Sasa maji. Nusu lita kila siku mbili ni lita saba na nusu kwa mwezi, na mfumo mzima wa gari lako unabeba kama lita 5 tu. Maana yake ndani ya mwezi mmoja umeyabadilisha maji yote mara moja na nusu bila kujua. Mfumo mzima usiovuja hauombi maji; unaweza kumaliza miezi bila kuongeza hata kikombe. Kuongeza maji kila mara kumekufanya uone kama ni matunzo, kumbe gari lilikuwa linakuambia kitu.

Inawezekana kabisa upotevu huo ni mtoto wa ugonjwa uleule wa feni. Feni isipofanya kazi, maji yanapanda joto hadi shinikizo linafungua kifuniko, yanakimbilia kwenye chupa ya akiba, chupa inajaa, na yanayozidi yanamwagika barabarani kupitia mpira wake mdogo. Unafika nyumbani chini pakavu, kesho rejeta imepungua. Kifuniko kilichochoka hufanya hivyohivyo, hata kwa joto la kawaida. Kigeuze ukitazame chini: mpira uliopasuka au uliogumu kama plastiki, springi iliyooza, basi kimekwisha. Kina pia kivalvu kidogo katikati, kinachoruhusu maji yarudi kutoka kwenye chupa injini ikipoa. Kikiganda utaona asubuhi hosipaipu ya juu imebonyea kama imenyonywa. Nunua kipya chenye namba ileile. Usiweke 1.1 mahali pa 0.9 ukidhani unaimarisha. Utapasua rejeta ya zamani.

Halafu tafuta mvujo wenyewe. Jioni ukiegesha, tandaza boksi la katoni lililofunguliwa chini ya injini yote. Asubuhi litazame. Maji safi upande wa abiria yanaweza kuwa ya AC, hayo hayana neno. Doa lililo chini ya mikanda linaelekeza wota pampu, ambayo ina kitundu chake cha chini cha kutolea taarifa: sili yake ikichoka, maji hutoka hapo na kuacha ukoko mweupe au wa rangi ya kulanti (maji maalumu ya rejeta). Doa mbele kabisa ni rejeta au hosipaipu. Pitisha kidole kwenye maungio yote, na tazama kwa makini tenki la plastiki la juu ya rejeta. Likiwa limegeuka rangi ya kahawia na lina mistari kama ufa wa kikombe, linavuja likiwa na moto tu na kujifunga likipoa, ndiyo maana katoni inaweza kuwa kavu huku maji yanaondoka. Mwisho, inua zulia miguuni mwa abiria wa mbele. Likiwa bichi na vioo vinapata ukungu wenye harufu tamutamu, rejeta ndogo ya hita ndiyo inayovuja.

Kuhusu themostati, ile valvu inayofunguka ili maji yaende kwenye rejeta, rudisha. Najua maneno hayo ya "huku hakuna baridi" yamezoeleka gereji nyingi, na wanaoyasema wanaamini wanakusaidia. Themostati haikuwekwa kwa ajili ya theluji. Ya injini yako huanza kufunguka kwenye nyuzi 82, na kazi yake ni kuiweka injini kwenye joto moja, uwe Mbagala kwenye joto au Makete kwenye baridi. Bila hiyo, ukikimbia Barabara ya Kilwa usiku injini inakaa baridi, kompyuta inadhani ndiyo kwanza imewashwa, inaongeza petroli, na oili inachakaa mapema. Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui: kwenye injini nyingi za Toyota themostati ikifunguka hufunga njia ya mkato inayorudisha maji ya moto kwenye pampu bila kupita rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji yako haifiki kabisa kwenye rejeta kupozwa. Kwa maneno mengine, foleni inaweza kuwa mbaya zaidi bila themostati kuliko ukiwa nayo.

Mbona basi lilitulia wiki nzima? Kwa maoni yangu, kilicholituliza ni maji. Kutoa themostati kunalazimu kumwaga maji na kujaza upya, na gari lililokuwa limepungukiwa likapata rejeta kamili. Nusu lita kila siku mbili. Hesabu mwenyewe ilichukua siku ngapi kurudi pale lilipokuwa.

Kabla ya kufunga themostati, ya zamani kama ulipewa au mpya, ipime jikoni. Ifunge uzi, itumbukize kwenye sufuria ya maji baridi bila kugusa chini, weka jikoni. Maji yakianza kutoa vipovu vidogo, kabla hayajatokota, utaiona inafunguka taratibu. Yakitokota lazima iwe wazi vizuri. Itoe, ipoe, ijifunge. Isiyofunguka au isiyojifunga itupe. Sufuria hiyo usiipikie tena chakula.

Sasa hedi, kwa sababu hofu yako kubwa iko hapo. Gasketi ya hedi inatenganisha moto wa silinda, maji na oili. Ikiungua, kimoja kinaingia kwa mwenzake, na kila kuingia kuna alama yake. Vipimo hivi vifanye mwenyewe, na fundi wa pili akirudi mwombe avirudie mbele yako.

Asubuhi, injini baridi, chomoa stiki ya oili. Oili nyeusi ni ya kawaida. Oili iliyokuwa kama chai ya maziwa, nzito na ya kijivu, ina maji ndani. Usihukumu kwa ukungu mweupe kidogo chini ya mfuniko wa oili peke yake. Gari la safari fupifupi, tena lisilo na themostati, hupata unyevu huo bila gasketi kuguswa. Hukumu kwa stiki.

Kisha fungua kifuniko cha rejeta, jaza maji hadi shingoni, mdogo wako awashe. Angalia maji. Vipovu vichache vya mwanzo ni hewa iliyokuwa imenaswa, viache viishe. Ukiona vipovu vinaendelea mfululizo, dakika baada ya dakika, vinaongezeka akikanyaga mafuta kidogo, na labda vina harufu ya moshi, hapo moto wa silinda unaingia kwenye maji. Maji yakianza kupata moto na kupanda, zima; kipimo hiki ni cha dakika zile za mwanzo tu.

Siku nyingine, gari likiwa limelala tena na kifuniko kimefungwa, washa na ushike hosipaipu ya juu. Ikigeuka ngumu kama mpira uliojazwa upepo ndani ya dakika moja au mbili, huku bado ni baridi, hilo si shinikizo la joto. Limetoka kwenye silinda. Hiyo ni alama ninayoiamini sana. Nyingine ni injini kutetemeka na kukosa silinda moja asubuhi kwa nusu dakika kisha kutulia, moshi mweupe wenye harufu tamu usiokoma hata injini ikishika moto, na plagi moja kutoka imesafishwa kama mpya wakati wenzake watatu wana rangi. Kuna pia dawa ya buluu ambayo gereji zilizojiandaa hushikilia juu ya shingo ya rejeta. Ikigeuka njano, gesi ya moshi imo ndani ya maji. Fundi anayetaka laki nane ana wajibu wa kukuonyesha angalau mojawapo ya hayo.

Na kama alama zipo kweli, mpe kazi, lakini muulize mambo mawili. Hedi ya injini yako ni aluminiamu, na ikichemka hupinda. Kiwango cha mwisho kinachoruhusiwa upande unaokalia bloku, yaani mwili wa injini, ni 0.05 milimita, wembamba kuliko unywele, kwa hiyo haionekani kwa jicho. Lazima iwekewe rula ya chuma na vipimo vyembamba, na ikipinda ipelekwe kwenye mashine kusawazishwa. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda ni hela iliyotupwa. La pili, bolti zake hukazwa kwa spana ya kipimo: Nm 29 kwanza kwa mpangilio kuanzia katikati, kisha zote huzungushwa nyuzi 90, kisha 90 tena. Akikujibu kwamba yeye hukaza kwa uzoefu wa mkono, tafuta mwingine.

Nimalizie na maji unayotia, maana hili linaniuma kila nikifungua injini za watu wa pwani. Visima vingi vya upande wenu vina chumvi. Maji yakitoka kama mvuke chumvi inabaki, unaongeza mengine, chumvi inazidi. Kwa lita saba na nusu kwa mwezi, miezi miwili, ndani ya rejeta yako kuna kitu kama sufuria ya kuchemshia maji ya kuoga iliyoota magamba. Chumvi hiyo inakula aluminiamu ya hedi na panga la wota pampu, na inaziba vijitundu vya rejeta. Ukishatengeneza feni na kuziba mvujo, mwaga maji yote, suuza mara mbili tatu kwa maji safi hadi yatoke meupe, halafu tia kulanti. Iliyochanganywa tayari, kama ile ya pinki ya Toyota, inatiwa ilivyo bila kuongezwa maji. Ya kuchanganya mwenyewe changanya nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kama maji ya betri. Soma chupa unapoyanunua, kwa sababu dukani neno "maji ya betri" hutumika pia kwa asidi, na asidi kwenye rejeta ni msiba. Ukiyakosa, maji ya mvua yaliyokingwa safi yanazidi ya kisima mara nyingi.

Kulanti ni sumu na ina ladha tamu. Unayomwaga ikinge kwenye beseni uifunge kwenye dumu, isiachwe uani wanakopita watoto, mbuzi na paka.

Kujaza nako kuna namna yake, la sivyo utafunga hewa ndani na gari litachemka tena ukalaumu spea mpya. Egesha pua ya gari ikiwa imeinuka kidogo, hita iwe kwenye moto wa mwisho, mimina taratibu huku ukiminya hosipaipu ya juu na ya chini. Washa injini kifuniko kikiwa wazi, ongeza kadiri hewa inavyotoka, na maji yakianza kupanda shingoni funga. Subiri feni iwake na kuzima mara mbili. Likishapoa kabisa, kesho yake asubuhi, fungua uangalie tena.

Hadi utakapomaliza haya, usilipeleke Posta. Na likikushika njiani, zima AC, fungua vioo, weka hita kwenye moto wote na feni yake ya ndani juu. Hita ni rejeta ndogo na itakununulia dakika za kufika pembeni. Taa ikiendelea, au ukiona mvuke, zima injini palepale, washa taa za hatari, usiimwagie injini maji ya baridi. Tena usiitegemee mno taa hiyo. Sensa yake inapima maji yaliyoizunguka. Maji yakiisha kabisa inabaki inapima hewa, na inaweza kunyamaza wakati injini inaungua. Kuna vifaa vidogo vya kuchomeka chini ya usukani vinavyoonyesha joto kwenye simu, ila baadhi ya magari ya soko la Japani ya miaka hiyo havielewani nayo. Jaribu kwenye gari lako kabla ya kulipa.

Jumamosi anza na ile karatasi ya daftari. Niandikie imevutwa au imesukumwa, katoni imelowa wapi, na hosipaipu ya juu ilichukua muda gani kuwa ngumu. Kwa majibu hayo matatu nitakuambia kama fundi wa pili alipatia.